Setilaiti na meli zikipishana kuhusu upepo, tuamini ipi?

Setilaiti ikisema upepo ni mita 6 kwa sekunde na meli iliyokuwa mahali hapohapo ikaripoti mita 8, wengi hawasiti kuhukumu. Meli ilikuwepo, setilaiti iko zaidi ya kilomita 800 juu, basi iliyokosea ni setilaiti. Hukumu hiyo si ya kipuuzi, ila kwa kawaida hutolewa kabla mtu hajauliza kipimaupepo cha meli kimefungwa wapi.

Wanaoishuku setilaiti wana hoja. Rada ya ASCAT, iliyoanza kurushwa na MetOp, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, mwaka 2006, haigusi upepo hata kidogo. Hupiga mawimbi ya redio baharini, hupima nguvu ya mwangwi unaorudishwa na viwimbi vya sentimita chache, kisha fomula huugeuza mwangwi huo kuwa upepo wa kwenye kimo cha mita 10 juu ya maji. Mwangwi uleule unaweza kukubaliana na pande mbili zinazopingana, kwa hiyo mwelekeo huchaguliwa kwa msaada wa modeli ya hali ya hewa. Upepo ukishuka chini ya mita 3 kwa sekunde, mwelekeo huo hauaminiki sana. Karibu na pwani, nchi kavu huuchafua mwangwi: Mkondo wa Zanzibar, yaani mlango wa bahari kati ya kisiwa na bara, wenye upana wa kilomita 35 hivi panapobana, hauna nafasi ya kutosha kwa data ya visanduku vya kilomita 25, inayotoa namba moja ya upepo kwa kila kisanduku cha bahari. Tena MetOp hupita saa tatu na nusu asubuhi na saa tatu na nusu usiku kwa saa za jua za mahali husika, kwa hiyo upepo wa alasiri, ambao mvuvi anayerudi anaujua vizuri, haumo. Rada zenye masafa ya mawimbi (frikwensi) ya juu zaidi, kama ile ya setilaiti ya Marekani QuikSCAT iliyofanya kazi kuanzia 1999 hadi 2009, huvurugwa na mvua pia.

Lakini kasoro hizo zinajulikana, na data ya setilaiti huja na alama za ubora zinazoonya penye mvua, pwani au shaka. Kasoro za meli ni nadra kuandikwa.

Tuanze na kimo. Kwenye meli kubwa ya mizigo kipimaupepo huwa mlingotini juu ya chumba cha usukani, mita 30 au 40 kutoka majini, na huko upepo ni mkali kuliko chini. Kwa hewa isiyopashwa joto wala kupozwa na maji, na uso wa bahari wa kawaida, mita 10 kwa sekunde zinazosomwa kwenye kimo cha mita 30 ni kama mita 9.1 kwenye kimo cha mita 10. Hiyo ni tofauti ya asilimia 9, na hakuna aliyekosea bado. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa. Mlingoti wa mita 30 ungeusoma upepo huo kuwa 44.

Kisha kuna meli yenyewe, ambayo mbele ya upepo ni ukuta. Hewa ikigonga jengo la usukani hupanda na kwenda kasi juu ya paa, ilhali karibu kabisa na paa inakuwa kama imekufa. Kifaa kilichofungwa chini mno kitasoma pungufu. Kikiinuliwa kidogo kitasoma ziada. Hakuna namba moja ya kusahihishia, kwani yote hubadilika na upande unakotoka upepo na urefu wa makontena yaliyopangwa sitahani.

Kosa linalostahili kukaliwa zaidi ni la hesabu. Meli inayotembea haipimi upepo halisi, inapima ule inaouhisi. Kupata ule halisi lazima mwendo wa meli juu ya ardhi, unaotoka kwenye GPS, uondolewe kwa kuzingatia pia omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, inaelekea wapi. Chukua meli inayoshuka kusini kwa noti 14 (noti moja ni karibu nusu mita kwa sekunde), mbali na visiwa, msimu wa Kusi, upepo wa noti 14 ukiipiga usoni. Kipimaupepo kitasoma noti 28. Sasa tuseme fundi alikifunga kikiwa kimepinda digrii 10 kutoka mstari wa omo, upindo ambao ukiwa sitahani huuoni. Zile noti 28 zitagawanyika kuwa 27.6 za usoni na 4.9 za ubavuni. Toa mwendo wa meli: zinabaki 13.6 usoni na zilezile 4.9 ubavuni. Upepo "halisi" utaonekana unatoka digrii 20 kando ya unakotoka kweli.

Digrii 10 za mlingotini zimezaa 20 kwenye ripoti. Kasi itatoka noti 14.4, karibu sawa kabisa, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Na digrii 20 ndicho kiwango chote cha kosa la mwelekeo ambacho QuikSCAT iliruhusiwa, pamoja na mita 2 kwa sekunde kwa upepo wa mita 3 hadi 20. Bolti iliyolegea imemaliza ruhusa nzima ya setilaiti, na lawama zinakwenda angani. Kasi nayo haiko salama: jengo la meli likiongeza asilimia 5 tu kwenye zile noti 28, upepo halisi wa noti 14 utazidishwa kwa asilimia 10.

Ripoti za meli za biashara nazo zina mtego wake. Katika msimbo wake, tarakimu moja hueleza upepo ulipatikanaje: 0 na 1 ni mita kwa sekunde, 3 na 4 ni noti, 0 na 3 ni makadirio, 1 na 4 ni kifaa. Afisa akiandika 1 mahali pa 4, noti 14 zinageuka mita 14 kwa sekunde, karibu mara mbili. Inachekesha kidogo kwamba makadirio hudharauliwa kuliko kifaa: afisa anayetazama povu na mawimbi na kutoa namba ya Beaufort, yaani kipimo cha nguvu ya upepo cha 0 hadi 12, anasoma uso wa maji kama rada, na hana shida ya kimo wala ya ukuta wa meli.

Kuna na tofauti ambazo si kosa la yeyote. Rada hupima upepo kwa kulinganisha na maji, na maji hutembea. Wakati wa Kusi Mkondo wa Somalia huweza kuzidi mita 2 kwa sekunde ukielekea kaskazini-mashariki pamoja na upepo, na rada hupunguza kiasi hicho. Maji baridi yanayopanda pale huituliza hewa, na kwa kuwa rada hutoa upepo kana kwamba hewa haipashwi joto wala kupozwa na maji, namba hushuka tena. Meli ikisoma zaidi hapo, zote mbili zinaweza kuwa sahihi.

Hata hivyo meli hazitupwi. Maharamia wa Somalia walipotamba, meli zililikwepa eneo hilo na ripoti za upepo zikapungua sana. Setilaiti ikabaki bila shahidi mahali ambapo shahidi alihitajika. Meli za utafiti zinazotoa data kila dakika, kama zile za mradi wa SAMOS wa Chuo Kikuu cha Florida State, ni bora zaidi, kwa sababu kimo na mahali pa kifaa vinaweza kuandikwa pamoja na namba. Tena mtafiti wa Uholanzi Ad Stoffelen alionyesha mwaka 1998 namna ya kulinganisha vyanzo vitatu kwa pamoja na kukadiria kosa la kila kimoja, bila kumtawaza yeyote kuwa ukweli.

Anayetaka kulinganisha achukue wastani wa meli wa saa nzima, si dakika 10, kwani upepo wa mita 7 kwa sekunde huhitaji karibu saa moja kuvuka kisanduku cha kilomita 25. Azigeuze namba za meli ziwe za kimo cha mita 10, aondoe mwendo wa mkondo wa maji, kisha atenganishe safari za kusini na za kaskazini za meli ileile katika msimu uleule. Ikienda kaskazini kwa noti 14 na Kusi ya noti 14 ikiwa nyuma yake, upepo inaouhisi unakaribia sifuri, na kosa la kifaa halina cha kuzidisha. Tofauti ikionekana wakati wa kushuka na kutoweka wakati wa kupanda, akague mlingoti. Ikibaki ileile pande zote mbili, hapo aanze kuichunguza fomula ya rada.