Siti Saba Kwenye Karatasi

Jamani, kununua gari la familia hapa Dar ni kama kutangaza harusi: hela hujapata, kamati imeshajaa. Mimi nilitamka tu wakati wa chakula cha usiku, tena kwa sauti ya chini, kwamba Passo haitutoshi tena. Asubuhi mama mkwe kapiga simu kutoka Mbagala. "Baba Salma, hongera baba. Mbele usiniweke, mkanda unanibana. Niweke kati, dirishani." Gari lenyewe liko Japani huko, halijapata hata mteja, lakini dirisha lake tayari lina mwenyewe.

Passo yetu haina ubaya. Injini cc 1000, mafuta inanusa tu. Ila tuko saba: mimi, Mama Salma, watoto wanne na dada wa kazi. Tukipandisha vilima vya Goba nazima AC, nawaambia wajivute mbele, na mwenye hoja aihifadhi mpaka tufike tambarare. Trafiki akionekana kwa mbali, yule mdogo anajua mwenyewe pa kujificha, hasubiri kuambiwa.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi: watu saba, siti saba. Mama Salma akaweka kijiko chini. "Na mama je? Na mdogo wangu akifunga chuo? Na siku ya kikoba?" Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanakikoba mwenzake, alishaulizia kama kutakuwa na pa kuweka masufuria ya shughuli. Watu wote hawa wana maoni kuhusu siti. Kuhusu wese, kimya. Hata kukohoa hakuna aliyekohoa.

Nikaenda yadi moja barabara ya Bagamoyo kuangalia Wish. Kwa macho ni gari zuri, limekaa chini, halina sura ya kubeba abiria. Kijana wa yadi akaanza: siti saba bosi, AC kali, haijapigwa rangi popote, njoo hata na fundi wako. Nikasema ngoja nijaribu ile siti ya nyuma kabisa. Maana wanunuzi wote wanakaa mbele, wanashika stelingi, wanatabasamu; siti ya nyuma wanaijua siku ya safari ya Tanga. Nikapenya. Magoti yakafika kidevuni. Kisogo kikaegemea kioo cha nyuma, pembeni yangu stika ya Kijapani ambayo hakuna aliyewahi kuibandua. Kijana akairudisha siti ya kati ili nione "nafasi", halafu simu yake ikaita, akaondoka zake kuongea na mteja wa Harrier.

Nimekaa mle. Jua la saa saba mchana, kitambi kimekunjwa mara mbili, napapasa natafuta kitasa. Hakuna! Siti ile haina mlango wake, unatoka kwa hisani ya mtu wa kati, na mtu wa kati siku hiyo alikuwa hayupo. Nikagonga kioo. Mlinzi akanipungia mkono. Kijana aliporudi ndiyo ananiambia, "Hiyo ni ya watoto, mzee wangu." Sasa Salma yuko kidato cha pili na amenipita urefu. Mtoto anakaa utoto milele?

Halafu buti. Hili hawakwambii. Magari haya siti zote saba zikisimama, buti linabaki la mfuko mmoja wa sokoni na mwamvuli. Familia ya watu saba inayosafiri bila mzigo ni familia gani hiyo? Utapita Muheza msimu wa machungwa ushindwe kununua kiroba? Utatoka Lushoto mikono mitupu? Ukilaza siti za nyuma upate pa kuweka mzigo, unabaki na siti tano. Passo ninayo tayari.

Basi watu wakasema Noah. Siti nane, milango ya kuslaidi, mtoto hawezi kumgongea jirani mlango kwenye maegesho, na spea zake mitaa ya Gerezani hapa Dar ni nje nje. Nikamuuliza fundi wangu, mtu ambaye hata ukimpelekea baiskeli atasema bushi zimekwisha. Akaniambia Noah ile ya zamani ngumu sana, lakini hizi zilizofuata za miaka ya 2000 zenye D4, injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kaka, kaa nazo mbali. Fundi wa pili akaniambia D4 haina shida, shida ni mafundi kama yule wa kwanza.

Mimi hofu yangu haikuwa D4. Noah huko Arusha na Moshi ni gari la abiria, kila mtu anajua, na watu hawaachi mazoea yao stendi. Rafiki yangu anayo. Akisimama Mbezi Mwisho ajibu simu, mlango unafunguka, mama kapanda na kuku, anauliza Kibaha shilingi ngapi. Siku nyingine amechoka kubishana, anampeleka.

Alphard ndiyo chaguo la mama mkwe. Aliipanda kwenye harusi, na tangu siku hiyo mgongo unamuuma kwenye magari mengine yote. Nikafungua kikokotoo cha TRA. Ushuru wa forodha asilimia 25. Injini ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa asilimia 10, na Alphard za bei ya kuongeleka ni cc 2400 au 3000. Gari likizidi miaka 10 tangu litengenezwe, uchakavu nao unatozwa, asilimia 30. Ndiyo inakuja VAT asilimia 18 juu ya huo mrundikano. Kwa hiyo usijidai mnyonge unachukua la zamani: ulichookoa Japani kinakusubiri bandarini. Nikamwonyesha Mama Salma simu, jumla iko pale chini. Akaitazama vizuri. "Chaji imekwisha hiyo, Baba Salma, iweke kwenye umeme."

Nimeishia kwenye Sienta. Cc 1500, ushuru wa bidhaa asilimia 5, milango inaslaidi, siti saba kwenye karatasi. Redio inaishia 90, nusu ya stesheni za mjini huzipati, na kuna mwanamke ndani ya dashibodi anakusemesha Kijapani kila ukiwasha gari, sijui anasalimia au anadai. Potelea mbali. Nikatangaza msimamo kwenye grupu la familia: siti saba, watu saba, nimemaliza.

Mama mkwe akapiga simu, mpole ajabu. Alishafanya utafiti kwa madereva wa Rangi Tatu, huko huko kwake Mbagala. "Baba Salma, Sienta ni nzuri, hiyo siti ya kati nimeambiwa inanitosha. Mama Salma si leseni yake imetoka? Basi aendeshe yeye. Mdogo wake akae mbele, ana miguu mirefu. Dada atampakata mdogo, hao wengine wanajua kubanana. Wewe hapo Goba boda wamejaa tele baba, utatangulia."

Boda mwenyewe ameshaulizwa bei.