Dodo Lilinijibu Mimi

Jamani, kabla hamjaendelea kuisambaza sauti aliyorekodi rafiki yangu wa bodaboda, eti nazi iliniangukia kichwani nikazimia, nikalazwa: sikuzimia, sikulazwa hospitali ya Ligula, na wala haikuwa nazi. Lilikuwa dodo. Tena bivu.

Mikindani, tuisheni ya fizikia ya kidato cha tatu, chini ya mwembe wa nyumbani. Mada ni kitu kinachorushwa wima. Wanafunzi wana ugonjwa mmoja: wakisikia kileleni velositi (kasi yenye mwelekeo) ni sifuri, na mchapuko nao (yaani jinsi velositi inavyobadilika kila sekunde) wanaufanya sifuri. Chaki ilishashindwa. Nikaokota dodo.

"Tazameni! Nalirusha kwa mita 10 kwa sekunde. Uvutano unalipunguzia kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Kwa hiyo baada ya sekunde moja litasimama, mita 5 juu ya mkono wangu."

Nikarusha.

Sasa hapa twende polepole. Dodo linapanda. Linachoka. Linazidi kuchoka. Likafika, likasimama, naapa nililiona limesimama. Papo hapo kijana mmoja wa nyuma (mnaomjua nyamazeni) akapaza sauti: "Na mchapuko sifuri!"

Mwenye akili angedaka dodo kwanza. Mimi nikamgeukia yeye, kidole juu, miwani puani:

"Sifuri? Ingekuwa sifuri lingebaki huko hu..."

Sekunde moja, ndugu zangu. Sekunde moja haimalizi karipio. Limerudi na kasi ile ile niliyolipa kwa mkono wangu mwenyewe, kilomita 36 kwa saa, utosini, pwaa! Miwani ikashika njia yake. Maji ya embe yakateremka nyuma ya sikio, yakaingia kwenye kola, yakaendelea mgongoni taratibu, hayana haraka hata kidogo. Na mimi kidole bado kiko juu.

Kimya. Kisha bibi jirani, anayekaanga vitumbua pale ukutani, akasema kwa upole: "Pole, mwanangu. Naona limekujibu."

Nikajikaza. "Mchapuko... ni 9.8... kuelekea chini. Kileleni, njiani, popote!"

Hakuna aliyebisha.

Mengine mnayajua: barafu, nundu, vicheko mpaka sokoni. Ila jaribio la juzi wamepata wote. Yule wa nyuma kachora mchoro safi, mishale yote ya mchapuko inatazama chini, isipokuwa palipotakiwa ardhi kaweka kichwa changu. Nimemkata nusu alama kwa kile kipara.