Andrew Luck hakuwakimbia Colts

Agosti 24, 2019, Andrew Luck, kwotabeki (mrushaji pasi mkuu) wa Colts, timu ya futiboli ya Kimarekani, alitoka uwanjani Indianapolis akizomewa na mashabiki wa timu yake mwenyewe. Habari kwamba anatundika daluga akiwa na miaka 29 zilikuwa zimevuja wakati mechi ya maandalizi dhidi ya Chicago Bears ikiendelea, watu wakazisoma kwenye simu palepale jukwaani. Zilibaki wiki mbili msimu uanze.

Waliozomea wana hoja. Kwotabeki ndiye mwenye usukani wa timu, na wa kiwango chake hapatikani mwezi Agosti. Msimu uliotangulia alikuwa amerudi kwa kishindo, pasi 39 za tachidauni, yaani za kufunga. Aliyenunua tiketi za mwaka mzima kwa ajili yake ana haki ya kununa.

Lakini hebu tuuhesabu huo mwili. Gegedu la mbavu. Msuli wa tumbo. Figo iliyochanika mwaka 2015. Mtikisiko wa ubongo. Bega la kurushia, lililomfutia msimu mzima wa 2017. Kisha kigimbi na kifundo cha mguu vikagoma kupona. Mwenyewe alieleza kuwa kwa miaka minne alikuwa akizunguka palepale, kuumia na kujiuguza, hadi mchezo ukaacha kumpa furaha.

Na fedha? Mkataba wa 2016 ungeweza kufika dola milioni 140. Angekuwa mjanja, angejiunga na orodha ya majeruhi, akalipwa msimu mzima akiwa kitandani kwa daktari, na hakuna ambaye angemzomea. Tungemsifu kwa kupambana. Hilo ndilo linalonikera. Yeye akaacha mamilioni mezani, akaitwa mwoga. Klabu ingeweza kumdai sehemu ya bonasi, zaidi ya dola milioni 24, na haikudai. Mwenye hasara halisi alielewa kabla ya mwenye tiketi.

Wanaosema hakuupenda mchezo watueleze yaliyofuata: alirudi kusoma Chuo Kikuu cha Stanford, akafundisha timu ya sekondari Palo Alto, na Novemba 2024 Stanford ikamkabidhi umeneja mkuu wa timu ya chuo.

Colts, kweli, hawajapona. Brissett, Rivers, Wentz, Ryan, Richardson: karibu kila msimu kwotabeki mpya. Kilio hicho ni halali, ila kipelekwe kwa viongozi waliomwacha miaka ya mwanzo acheze nyuma ya ukuta mbovu wa wachezaji wa kumlinda, akipigwa chini kila wiki.