Kabla ya Kununua Taili, Gonga Sakafu

Hapa Kisumu sakafu ya simiti ikianza kumeguka, shauri la kwanza utakalopewa ni taili. Jirani atakwambia, fundi atakwambia, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi ndiye atakayesisitiza zaidi. Mimi napinga. Taili iliyobandikwa juu ya simiti iliyooza hubanduka nayo, na gharama ni yako mara mbili.

Chukua nyundo ndogo, au hata sarafu, ugonge chumba kizima ukisikiliza. Panapolia kwa uzito pameshika. Panapolia kama debe tupu, tabaka la juu limeachana na zege, na pote hapo patabomolewa hata kama jicho halioni ufa. Shimo la ukubwa wa sahani linaweza kuishia kuwa la ukubwa wa meza. Vumilia tu.

Nyufa nazo si za aina moja. Ufa mwembamba kama unywele, uliotulia miaka yote, kwa kawaida ni wa simiti kunywea ilipokuwa changa. Huo haukoseshi mtu usingizi. Unaofunguka kiangazi na kujibana mvua zikija ni kazi ya udongo. Ardhi nyeusi ya upande wa Kano hufura ikinywa maji na kusinyaa ikikauka, na hakuna niru, yaani simiti laini ya kumalizia, itakayoizuia. Hapo hela zianzie nje: mifereji ya paa, mtaro, maji yasisimame karibu na ukuta.

Kiraka chenyewe kinataka tindo. Kingo zikatwe wima, kwa maana ukingo uliolazwa hadi kuwa mwembamba ndio humeguka kwanza. Piga brashi ya waya, osha vumbi lote, loweka zege usiku kucha, kisha ondoa maji yaliyotuama. Paka uji wa simiti na ujaze kabla haujakauka: kipimo 1 cha simiti kwa 3 vya mchanga, unene usipungue sentimita 2.5. Mchanga ujaribiwe kwanza. Tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Ukiona tabaka nene la tope juu, mrudishie aliyekuuzia.

Sasa lile linaloniudhi. Mafundi wengi hupenda mchanganyiko mwepesi kwa sababu mwiko unateleza bila jasho. Maji yale ya ziada hupanda juu, na fundi, badala ya kungoja yaishe, anayanyunyizia simiti kavu na kusugua. Siku ya kukabidhi kazi inang'aa. Baadaye unafagia kila asubuhi na vumbi haliishi, kwani ngozi ile ya juu haikuwa na nguvu tangu mwanzo. Mwambie mapema, na kwa heshima: "Fundi, tafadhali, maji kidogo." Atanung'unika.

Kisha kuna haraka yetu sisi wenye nyumba. Simiti haikomai kwa kuanikwa kama nguo. Inahitaji maji ili ishikane. Kwa jua hili letu, funika kwa magunia mabichi au nailoni kwa siku 7, na makochi mazito yakae nje zaidi ya hapo. Nguvu ya simiti huhesabiwa kwa siku 28.

Viraka vikishakomaa, chaguo langu ni sakafu nyekundu ya zamani. Kama sehemu kubwa imebomolewa, afadhali chumba kizima kipigwe tabaka jipya, na rangi ichanganywe kwenye simiti ya mwisho, isizidi sehemu 1 ya 10 ya uzani wake, la sivyo inaidhoofisha. Usitarajie kiraka kifanane na sakafu kuukuu. Rangi zitapishana, na mimi sioni aibu yake. Ikipoteza mng'ao, inasuguliwa na kupakwa nta, kazi ambayo hata watoto wa likizo wanaiweza.