Kabla kijiko hakijaingia kiwanjani

Nafanya kazi ya ujenzi hapa Toronto. Kila ndugu au rafiki wa Dar es Salaam akinitumia picha za kiwanja anachoanza kujenga, kabla sijaangalia msingi wala nondo natafuta miti. Mara nyingi haipo. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kimeshapita, ardhi imebaki nyekundu tupu, na miembe niliyoikuta pale miaka ya nyuma imekuwa kuni za mama lishe wa jirani. Naumia, na nadhani tunapoteza kitu ambacho tungeweza kukilinda kwa gharama ndogo sana.

Huku, tangu mwaka 2004, mti wenye kipenyo cha shina cha sentimita 30 au zaidi, ukipimwa mita 1.4 kutoka ardhini, hauruhusiwi kukatwa wala kujeruhiwa bila kibali cha jiji. Haijalishi kwamba umo ndani ya ua wako na hati ya kiwanja ina jina lako. Mtu anayeomba kibali cha ujenzi anajaza na fomu ya kutaja miti iliyopo, na haulizwi miti yake peke yake: anatakiwa kuonyesha hata iliyo kwa jirani, ikiwa iko ndani ya mita 6 kutoka mpaka wa kiwanja. Anayekiuka anaweza kutozwa faini kuanzia dola za Kanada 500 hadi dola 100,000 kwa mti mmoja. Na mti ambao shina lake limekaa juu ya mpaka, sheria ya jimbo la Ontario inasema ni mali ya majirani wote wawili, hivyo mmoja hawezi kuamka asubuhi akaushusha peke yake.

Hayo ni makaratasi. Kinachonigusa zaidi ni kile ninachokiona saitini. Kabla mashine haijashushwa kwenye lori, mti unazungushiwa uzio wa mbao za plaiwudi wenye kimo cha mita 1.2, na bango la kukataza watu kuingia. Mti wa kipenyo cha sentimita 30 hadi 40 unapewa mita 2.4 kutoka kwenye shina. Wa sentimita 41 hadi 50 unapewa mita 3. Unavyozidi unene ndivyo uzio unavyosogea mbali. Ndani ya uzio huo huchimbi, humwagi mchanga wala kokoto, huegeshi gari, huongezi wala hupunguzi udongo. Niliwahi kuona mtaro wa bomba ukichimbwa karibu na mti mkubwa kwa upepo wa kompresa badala ya kijiko. Udongo ulipeperushwa taratibu, mizizi ikabaki wazi, mizima kabisa, na bomba likapitishwa chini yake. Kazi ilichukua muda, lakini mti ule bado umesimama.

Waliotunga kanuni hizi walielewa kwamba mti unauliwa kutoka chini. Mizizi mingi ya mti haiendi mbali kwenda chini. Imo kwenye sentimita 60 hivi za juu za udongo, nayo husambaa hadi nje ya kivuli cha matawi. Humo ndimo inamopata maji na hewa. Lori likipita hapo mara kadhaa, udongo unashindiliwa, hewa inakosa njia, na mizizi inaanza kufa bila mtu kuona lolote.

Sasa fikiria saiti ya kwetu. Mifuko ya saruji inapangwa wapi? Chini ya mwembe, kwa sababu pana kivuli. Zege linachanganywa hapohapo, ndoo na makoleo yanaoshwa hapohapo, na maji ya saruji yananyweshwa mizizi. Kifusi cha msingi kinarundikwa kuzunguka shina. Shimo la maji taka linachimbwa mita moja na nusu kutoka hapo. Mafundi hawana nia mbaya hata kidogo, hakuna aliyewaambia. Nyumba inakwisha, mti bado una majani, kila mtu anafurahi kwamba umenusurika. Mwaka wa tatu au wa nne matawi ya juu yanakauka, na watu wanasema umezeeka tu.

Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na watu hao lazima wakae mahali. Silaumu mtu kujenga. Lakini Goba, Madale, Chanika na Kigamboni yalikuwa mashamba ya mikorosho, miembe na minazi juzi tu. Mwembe uliokomaa ni kazi ya miaka mingi ya mtu ambaye pengine alishatangulia mbele ya haki. Tunaung'oa kwa asubuhi moja, tunatandaza pevingi kutoka ukutani hadi ukutani, kisha tunapanda safu ya miashoki kando ya geti, mti mwembamba ambao hata kiti kimoja hakipati kivuli chake. Halafu Januari tunalalamika joto ndani ya nyumba, na mvua za masika zikija maji yote ya uani yanakimbilia kwa jirani wa bondeni.

Najua ipo miti inayookolewa. Mwaka 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipokuwa inajengwa, mugumo (mti wa jamii ya mkuyu) mkongwe wa barabara ya Waiyaki Way ulikuwa uondolewe, watu wakapaza sauti, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa tamko la kuulinda. Huku Toronto kuna mwaloni mwekundu eneo la North York, unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 250, ambao jiji lilinunua nyumba nzima iliyokuwa kando yake ili usidhurike, na wananchi wakachangia zaidi ya dola 400,000. Naheshimu yote mawili. Ila mwembe wa kawaida nyuma ya nyumba ya Mbezi hautapata tamko la rais wala mchango wa mji. Mti wa namna hiyo unahitaji utaratibu wa kawaida, unaofanya kazi siku ambayo hakuna kamera.

Siombi tuhamishe sheria ya Toronto kama ilivyo. Ina kasoro zake. Tajiri anayejenga jumba kubwa anaweza kuihesabu faini kama gharama nyingine ya mradi, wakati mstaafu mwenye nyumba ndogo anahangaika kumlipa mtaalamu wa miti ili apate ripoti tu. Wapo pia majirani wanaoutetea mti ili tu nyumba za kupanga zisijengwe mtaani kwao, kwenye mji ambao kodi imewashinda vijana. Na faini kubwa kwetu, nasema kwa uchungu, ingegeuka mlango mwingine wa rushwa.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana: swali kuhusu miti liwemo kwenye kibali cha ujenzi. Mchoro wa nyumba uonyeshe kila mti mkubwa uliopo kiwanjani, na afisa wa halmashauri anayeupitia aulize kama nyumba, choo au ukuta vinaweza kusogea kidogo. Watu watasema viwanja vyetu ni vidogo. Tupige hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Mwembe wenye shina la nusu mita, kwa kipimo cha Toronto, unahitaji duara la takriban mita za mraba 33. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi, na ukiwa karibu na mpaka, sehemu ya duara inaangukia kwenye nafasi ambayo usingejenga hata hivyo. Kuhusu mizizi kupasua kuta, ni kweli kwa baadhi ya miti, mifikasi hasa, na mti wa aina hiyo ukiwa ubavuni mwa msingi sitamwambia mtu auache.

Lakini sisi tulio nje hatuna haja ya kusubiri halmashauri. Nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar zinajengwa kwa hela tunazotuma, na fundi anafanya tunachomwambia. Tunabishana naye kwa simu hadi usiku kuhusu rangi ya vigae. Basi tumwambie na hili. Kabla hujatuma hela ya kijiko, omba picha ya kila mti uliopo na shina lake lipimwe kwa futikamba. Mpe mchoraji vipimo hivyo aiweke miti hiyo kwenye ramani. Lipia mirunda na mabati chakavu ya kuzungushia mti tangu siku ya kwanza, mita 3 kutoka shinani, na uelekeze kibanda cha saruji kijengwe upande mwingine wa kiwanja.