Si kila kupooza ni kiharusi
Mwandishi wa makala niliyoisoma kuhusu kupooza anasema kijana akiamka miguu haina nguvu, basi hicho ni kiharusi. Kumkimbiza hospitali ni sawa kabisa, lakini kwamba lazima kiwe kiharusi, sikubaliani. Shemeji yangu wa Kisauni alikula biriani ya harusi usiku, alfajiri akashindwa kuinuka. Ukimfinya anahisi, mdomo haukupinda, anaongea vizuri. Wazee wakaanza kutaja jini! Damu ilipopimwa, potasiamu, madini yanayosaidia misuli kufanya kazi, ilikuwa chini mno na homoni za tezi ya shingoni zimezidi. Homoni hizo husaidia kuisukuma potasiamu ndani ya seli, hasa baada ya wanga mwingi au mtu akipumzika baada ya kazi nzito, na misuli hulegea. Hali hii huwapata zaidi wanaume. Alirudishiwa potasiamu kwa uangalifu, maana ikizidi huhatarisha moyo, kisha tezi ikatibiwa. Nani mwingine hapa Mombasa amepimwa tezi baada ya kupooza ghafla?