Wapambe wa Bunge la Marekani walikuwa na kura
Makala inadai kwamba lawama ya uvamizi wa Januari 6, 2021 katika Bunge la Marekani ni ya mkuu wa polisi wa Bunge peke yake, kwa kuwa wapambe, yaani maofisa wa utaratibu wa mabaraza yake mawili, ni watu wa itifaki tu. Sikubaliani. Mpambe wa Baraza la Wawakilishi na mwenzake wa Seneti, pamoja na Msanifu wa majengo ya Bunge hilo, ndio wajumbe wenye kura katika bodi inayosimamia polisi hao. Mkuu wa polisi huketi humo bila kura, na wakati ule hakuweza kuomba askari wa Walinzi wa Taifa (jeshi la akiba) bila idhini ya bodi. Sisi tuliozoea kumwona mpambe pale Dodoma akimtangulia Spika na siwa begani (kazi ya heshima, sibishi) ni rahisi kusahau upande huo. Paul Irving na Michael Stenger, wapambe wa wakati huo, walijiuzulu upesi, sawa na Steven Sund, mkuu wa polisi. Na Desemba 2021 sheria ikabadilishwa ili mkuu huyo aweze kuomba msaada mwenyewe katika dharura. Je, mpambe anayechaguliwa na wawakilishi kila baada ya miaka miwili anaweza kufanya uamuzi wa kiusalama usiowapendeza?